Gari linatetemeka ukikanyaga breki: tafuta chanzo kabla ya kununua diski

Gari likitetemeka pale tu unapokanyaga breki, jibu la haraka katika garaji nyingi za Bukavu ni moja: diski zimepinda, leta mpya. Mwenye gari analipa, gari linatoka limetulia, halafu baada ya miezi mitatu au minne usukani unaanza tena kucheza mikononi. Hapo fundi analaumu diski na mwenye gari anamlaumu fundi. Mara nyingi diski hizo mpya zilikuwa nzima, na fundi hakudanganya mtu. Kilichoharibu zile za kwanza kilibaki palepale nyuma ya diski, kikisubiri zinazofuata.

Kwa hiyo kazi inaanzia barabarani, inaendelea chini ya gari, kisha inakuja kwenye vipimo. Kununua ni hatua ya mwisho kabisa.

Neno kuhusu majina. Tunatumia yale yanayosikika kwenye garaji za huku. Plaketi ni zile ambazo Tanzania na Kenya wanaziita pedi. Etriye ni koleo la chuma linalobana plaketi juu ya diski. Tamburi ni lile bakuli la breki za nyuma, na ndani yake kuna garnitire. Rotili ni kiungo chenye tufe la chuma, silentibloki ni mpira uliobanwa kwenye mkono wa chini wa gurudumu, rulma ni beringi, na janti ni rimu. Kitovu ni kile kipande cha katikati ambacho diski na janti hufungwa juu yake.

Kinachotetemeka hasa ni nini

Diski inaweza kuwa na kasoro mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni myumbo: diski ikizunguka, uso wake unakwenda kushoto na kulia kama sahani iliyowekwa vibaya. Ya pili ni tofauti ya unene: sehemu moja ya diski ni nyembamba kuliko nyingine. Inayotetemesha gari ni hii ya pili. Pistoni, kile kipande cha ndani ya etriye kinachosukumwa na mafuta ya breki, ikibana, plaketi zinapofika penye unene zinasukumwa nje, zikifika penye wembamba zinarudi ndani, na mafuta ya breki yanapeleka pigo hilo hadi kwenye pedali na mguu wako. Tofauti ya 0.02 mm inatosha kusikika. Unywele wa mtu ni mara tatu au nne ya hapo, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba ameitazama diski kwa macho akaona "imepinda".

Na myumbo je? Wenyewe haukusumbui sana siku ya kwanza, maana etriye nyingi zinaelea kwenye pini zake na kuufuata. Tatizo ni kwamba kila mzunguko, sehemu ileile ya diski inagusa plaketi hata kama mguu haupo kwenye breki. Inalambwa kidogo kidogo. Baada ya kilomita elfu kadhaa sehemu hiyo imekuwa nyembamba, na hapo ndipo mtetemo unapozaliwa. Ndiyo maana diski mpya iliyofungwa juu ya kitovu chenye kutu huenda vizuri wiki za mwanzo, kisha inageuka. Kasoro ilifungwa siku ileile ya matengenezo.

Kuna kasoro ya tatu inayofanana nazo. Plaketi zikipata moto kupita kiasi huacha utando wa vumbi lake kwenye diski, kama ugali ulioshika sufuriani. Sehemu yenye utando inashika kwa nguvu tofauti na sehemu safi. Mtetemo ni uleule, ila dawa yake inaweza kuwa rahisi zaidi.

Kwa nini huku kwetu diski zinachoka mapema

Hesabu kidogo. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 100 za kimo kwa breki peke yake, joto linaloingia kwenye diski na tamburi lingetosha kuchemsha karibu lita tano za maji baridi. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi na Ziwa Tanganyika mita 770 hivi. Anayetoka Bukavu kwenda Uvira kupitia Ngomo na Kamanyola anashuka karibu mita 700, mbali na vilima anavyopanda na kushuka njiani. Hizo ni zaidi ya lita 30 za maji ya moto. Dereva asiyetumia gia analipeleka joto hilo lote kwenye breki.

Hata ndani ya mji, miteremko ya Kadutu na foleni zake ni kazi: unashuka mguu ukiwa umegandishwa kwenye breki, kisha unasimama mbele ya pikipiki kumi na plaketi za moto zimebanwa sehemu moja ya diski. Utando unapigwa chapa hapo hapo. Ongeza matope mekundu ya masika yanayoingia kwenye pini za etriye, na mashimo yanayopinda janti.

Kabla ya kwenda barabarani

Pedali ikizama hadi chini, mafuta ya breki yakiwa chini ya alama, mpira wa breki (bomba laini linalopeleka mafuta kwenye etriye) ukiwa umevimba au ukivuja, au chuma kikisaga chuma, gari halijaribiwi. Linavutwa au linatengenezwa palepale.

Kama hayo hayapo, jaza matairi upepo unaosomeka kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kagua tairi lenye nundu, na hakikisha nati zote za magurudumu zimekaza. Nati iliyolegea inatetemesha gari na inaweza kutoa gurudumu. Dakika tano hizi zimeshawahi kumaliza safari nzima ya utafiti.

Jaribio la barabarani

Tafuta kipande cha lami kilichonyooka na kisicho na watu, kama vile upande wa Kavumu asubuhi mapema. Katikati ya mji haiwezekani, na barabara ya mawe itakudanganya: mawe yenyewe yanatetemesha, na ABS, mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukifunga breki, inaamka ovyo kwenye changarawe. Mapigo ya ABS ni ya haraka, yana mlio wa kusaga kwenye pedali, na hayafuati mwendo wa gurudumu. Mtetemo wa diski unaufuata. Tairi la 215/70R16, kama la RAV4 nyingi za hapa, lina mzingo wa mita 2.2 hivi. Kwa kilomita 80 kwa saa linazunguka mara kumi kwa sekunde, kwa 40 mara tano. Ukisikia mapigo yanapungua kasi sawasawa gari linavyopunguza mwendo, chanzo kinazunguka pamoja na gurudumu.

1. Endesha kwa 60, kisha 80, bila kugusa breki. Likitetemeka hapa, acha breki kwanza: ni ekilibraji (usawazishaji wa uzito wa magurudumu), janti iliyopinda, tairi bovu au rulma. Breki zitaongeza tu kilichopo.

2. Likiwa limetulia, kanyaga breki kidogo sana kwa 80, kiasi cha kupunguza mwendo polepole hadi 30. Tofauti ya unene husikika vizuri zaidi kwa mguu mwepesi.

3. Rudia kwa mguu wa wastani. Mtetemo unaotokea tu ukikanyaga kwa nguvu, hasa ukiambatana na mgongano mmoja mwanzoni, unaelekeza kwenye rotili, silentibloki au boliti za etriye.

4. Kwa mwendo wa 40, barabara ikiwa tupu nyuma na mbele, vuta breki ya mkono polepole huku kidole kikibonyeza kitufe chake ili uweze kuiachia mara moja. Usifanye hivi kwenye lami yenye maji wala kwenye gari lenye breki ya mkono ya umeme. Gari likitetemeka, angalia nyuma. Tahadhari: magari mengi yenye diski nyuma yana tamburi dogo la breki ya mkono ndani ya diski. Kwa hayo, jaribio linapima tamburi hilo na halisemi lolote kuhusu diski.

5. Funga breki mara nane au kumi mfululizo kutoka 60 hadi 20 ili zipate moto, kisha rudia hatua ya 2. Mtetemo unaokua kwa moto unaonyesha utando, plaketi dhaifu au etriye inayong'ang'ania. Ule usiobadilika, ukiwa uleule kwa baridi na kwa moto, kwa kawaida ni tofauti ya unene iliyochimbwa na myumbo.

Sasa wapi unausikia? Usukani ukicheza kushoto na kulia, tafuta mbele. Kiti na sakafu vikitikisika huku usukani umetulia, tafuta nyuma. Pedali peke yake ikipiga, inaweza kuwa mbele au nyuma, na hatua ya 4 ndiyo inayosaidia kuchagua.

Mara tu unaposimama, zunguka gari. Weka kiganja karibu na kila janti bila kugusa, ukilinganisha kushoto na kulia. Magurudumu ya mhimili mmoja yanapaswa kuwa na joto linalokaribiana. Moja likichoma uso wakati jirani yake ni vuguvugu, kuna breki inayong'ang'ania, na diski ya upande huo imeshateseka. Gari linalovuta upande mmoja ukifunga breki linasema jambo hilohilo.

Mtetemo wa asubuhi baada ya mvua ya usiku, unaoisha kwa kufunga breki mara tatu nne, ni kutu nyepesi. Usiushughulikie.

Chini ya gari

Bukavu ina uwanja mdogo wa tambarare, lakini kazi hii haifanyiki kwenye mteremko. Weka kabari nyuma na mbele ya magurudumu yanayobaki chini, ubao mnene chini ya jeki kama ardhi ni laini, na stendi imara chini ya chesi kabla mtu hajaingiza mkono. Matofali hayakubaliwi, yanapasuka bila kuaga.

Gurudumu likiwa hewani, lishike juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki ulijaribu tena. Mchezo ukiisha, ni rulma, kwa sababu breki imefunga diski na kitovu pamoja. Ukibaki, ni rotili. Kisha shika kushoto na kulia: mchezo hapa ni rotili ya usukani au boksi lake. Ingiza mtaimbo kati ya mkono wa chini na fremu, sukuma, uone silentibloki ya nyuma ya mkono huo. Mpira uliochanika unaruhusu gurudumu zima kurudi nyuma ukifunga breki, na kasoro ndogo ya diski ambayo gari zima lingeimeza inakuzwa hadi kufika kwenye usukani. Rulma yenye mchezo lazima ibadilishwe kabla ya kupima chochote, la sivyo kipimo kitakuwa cha uongo.

Vua gurudumu. Kabla ya kugusa kingine, tazama plaketi kupitia tundu la etriye. Ya ndani ikiwa imelika kuliko ya nje kwa zaidi ya 2 mm, pini zimekwama. Plaketi moja ikiwa imelika kwa mshazari, nene upande mmoja na nyembamba mwingine, mara nyingi ni pini moja. Kwa milima hii tunabadilisha plaketi zikifika 3 mm, hata kama kitabu cha gari kinaruhusu chini ya hapo.

Diski yenyewe: madoa ya buluu ni moto mkali, madoa meusi yasiyotoka kwa kucha ni utando au chuma kilichobadilika kwa joto, na ufa wowote unaofika ukingoni unaiondoa diski kazini siku hiyohiyo.

Kupima myumbo

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu diski ikishavuliwa gurudumu haijabanwa na kitu. Irudishie nati zote, kila moja na washa (pete bapa ya chuma) chini yake, uzikaze sawasawa, ndipo inakaa kama inavyokaa barabarani. Funga kipimio cha saa, kile mafundi wa mashine wanachokiita komparatera, kwenye nguzo ya gurudumu au etriye. Ncha yake iguse diski kiasi cha 10 mm kutoka ukingoni. Zungusha taratibu mzunguko mmoja mzima, soma tofauti kati ya namba ya juu kabisa na ya chini kabisa.

Kwa magari mengi madogo kikomo ni 0.05 mm. Kipimo kikizidi, usikimbilie duka. Weka alama ya chaki penye kilele, kwenye diski na kwenye kitovu. Vua diski, safisha kitovu (tutafika), uigeuze tundu moja mbele, funga, pima tena. Kilele kikienda pamoja na diski, kosa ni la diski. Kikibaki na alama ya kitovu, kosa ni la kitovu au rulma, na diski mpya hata kumi hazitakusaidia. Wakati mwingine kuna nafasi moja kati ya zile tano ambapo kasoro mbili ndogo zinafutana na kipimo kinashuka chini ya 0.05. Ifunge hapo, piga rangi kwenye boliti moja na tundu lake ili fundi ajaye asiivuruge.

Huna kipimio? Wakereza wengi wanacho, na kukikodi saa moja ni nafuu kuliko diski. Njia ya dharura ni kufunga waya mgumu kwenye etriye, ncha ikiwa karibu kabisa na diski, na kupitisha majani ya kupimia nafasi, vile vibamba vyembamba vya chuma vyenye unene unaojulikana, kati yake. Utaona kasoro kubwa tu, ya 0.1 mm au zaidi. Ikionekana kwa njia hiyo, basi ni kubwa kweli.

Kupima unene

Tumia maikromita, au palmeri kwa jina la Kifaransa. Pima sehemu nane zilizogawanywa sawasawa kuzunguka diski, zote kwa umbali uleule wa 10 hadi 15 mm kutoka ukingoni, uandike kila namba kwa chaki papo hapo juu ya diski. Tofauti kati ya kubwa na ndogo ikifika 0.02 mm, umempata mhalifu.

Kipimio cha kawaida cha taya hakifai kwa hili, lakini kinafaa kwa unene wa chini. Shida yake ni mdomo wa kutu ukingoni mwa diski, unaoshika taya na kukupa unene usiokuwepo. Weka washa mbili zinazofanana, moja kila upande wa diski, pima zote pamoja, kisha toa unene wa washa. Kwingine wangetumia sarafu. Faranga yetu ni karatasi tupu, ila sarafu mbili za Rwanda za aina moja zitafanya kazi. Namba iliyogongwa kwenye diski karibu na maneno MIN TH ndiyo kikomo. Ikisema 23 na wewe umepata 23.2, diski hiyo haina maisha ya kukerezwa.

Pini, pistoni na mpira

Vua etriye uitundike kwa waya. Usiiache ining'inie kwenye mpira wake. Chomoa pini. Pini nzima inaingia na kutoka kwa kidole. Ikihitaji nyundo, umekuta chanzo. Isafishe kwa brashi na msasa laini, futa grisi yote ya zamani ndani ya tundu, paka grisi ya silikoni ya breki, kidogo tu. Grisi ya kawaida ya rulma inavimbisha mipira na kuikwamisha pini ndani ya wiki chache. Kosa hili tunalikuta mara kwa mara kuliko lolote. Kama pini moja ina kikoba cha mpira nchani, weka alama ilikotoka, kwa sababu nafasi zake hazibadilishwi.

Pistoni irudishe kwa jiriwa ya C, huku skurubu ya kutolea hewa ikiwa wazi na bomba dogo likielekea kwenye chupa. Ikigoma, au kifuniko chake cha mpira kikiwa kimechanika na matope yameingia, etriye inahitaji mipira mipya.

Kuna hila moja ya breki inayong'ang'ania. Gurudumu likiwa hewani na limekaza, fungua skurubu ya kutolea hewa ya etriye robo mzunguko. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, kuna shinikizo lililofungiwa: mpira wa breki umevimba kwa ndani na kufanya kazi kama valvu, au silinda kuu hairudishi. Likibaki limekaza, pistoni au pini ndizo zimekwama.

Kitovu na ufungaji

Diski iliyoshikwa na kutu ina matundu mawili yenye nyuzi, kwenye Toyota nyingi ya boliti M8. Kaza boliti mbili kwa zamu na diski itatoka bila kupigwa nyundo.

Kisha kitovu, ambacho ndicho kiini cha yote. Kisugue kwa brashi ya waya na msasa namba 80 hadi chuma king'ae, hasa duara dogo kuzunguka kila boliti, mahali brashi haifiki na kutu hubaki kama pete. Chembe ya kutu ya 0.03 mm karibu na katikati inakuwa myumbo mkubwa zaidi kwenye ukingo wa diski, kwa sababu ukingo uko mbali. Safisha vilevile mgongo wa diski na uso wa janti unaokaa juu yake. Usipake grisi kati ya diski na kitovu.

Diski mpya huja na mafuta ya kinga. Yaoshe kwa dawa ya kusafishia breki, au kwa maji ya moto na sabuni ukiikausha mara moja. Petroli inaacha mabaki na inawaka. Mazuti, yaani dizeli, ni mbaya zaidi.

Nati za gurudumu: Corolla na RAV4 nyingi zinataka 103 Nm, sawa na kilogramu-mita 10.5. Fundi wa kilo 70 anayepanda juu ya ufunguo wa sentimita 50 anatoa zaidi ya mara tatu ya hapo, na nguvu hiyo isiyo sawa kati ya nati na nati inaikunja diski changa. Kama huna ufunguo wa dinamometa, ule unaopima nguvu ya kukaza, chukua chuma cha kufungulia chenye urefu wa sentimita 50 kutoka katikati ya nati hadi unaposhika. Kielekeze kushoto, kilale mlalo, ufunge mizani ya kuning'iniza ya sokoni kwenye ncha, uvute juu wima hadi isome kilo 21. Ni uzito wa bidoni la lita 20 lililojaa maji pamoja na plastiki yake. Nyanyua moja kwanza, mkono uukumbuke. Kaza kwa kurukaruka kama nyota, raundi mbili, ya kwanza nusu ya nguvu. Rudia baada ya kilomita 50 hadi 100.

Nyuma: tamburi

Tamburi likipoteza uduara, kiti kinatikisika. Hutokea gari likiegeshwa kwa breki ya mkono mara tu baada ya mteremko mrefu: chuma kinapoa kikiwa kimesukumwa kutoka ndani. Pima kipenyo cha ndani kwa pande nne, na ulinganishe na namba ya juu kabisa iliyogongwa kwenye tamburi. Vumbi la ndani lisipulizwe kwa kompresa, linaweza kuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Kukereza au kubadilisha

Diski inakerezwa ikiwa unene utakaobaki uko juu ya kikomo, na ikiwa mkerezaji anaishika kwa uso uleule unaokaa juu ya kitovu, ukiwa umesafishwa. Akiishika kwa ukingo, anaweza kukurudishia diski yenye uso unaong'aa na myumbo mkubwa kuliko wa mwanzo. Pima tena ikishafungwa kwenye gari, mbele yake ikiwezekana. Kwa utando peke yake, jaribu kwanza kusugua pande zote mbili kwa msasa namba 120, na plaketi vilevile, kisha jaribio la barabarani.

Diski huenda kwa jozi, kushoto na kulia. Za okazo, yaani zilizokwisha tumika, zipime kabla hujatoa dola zako. Muuzaji asiyekubali kipimo ameshakujibu.

Plaketi na diski zikiwa mpya, zifundishwe kazi: mara kumi kutoka 60 hadi 20 kwa mguu wa wastani, bila kusimama kabisa, nusu dakika kati ya moja na nyingine. Kisha endesha dakika kumi bila breki ili zipoe. Kwenye mteremko tumia gia ya pili au ya kwanza, au L kwa otomatiki. Funga breki kwa uthabiti sekunde chache, achia, rudia. Ukifika chini usisimame na mguu umebana. Acha gari lijongee kidogo. Na waoshaji wasimwage maji kwenye magurudumu mpaka nusu saa ipite.

Baada ya kilomita 1,000 rudi upime unene sehemu zilezile nane. Tofauti ikiwa imeanza kusogea kutoka 0.005 hadi 0.01 mm, myumbo bado upo mahali, na diski bado ni nzima kiasi cha kuokolewa.